Sukani Tatu za Mbaruku

1.

TANGAZO
kwa wanachama wote wa Ushirika wa Mafundi Vyuma, Banda la Nyuma ya Reli, Tanga

Mnakumbushwa kuwa Siku ya Kuonyesha Mkono ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, baada ya chai ya asubuhi. Kila mwenye meza bandani atachonga kipande kimoja cha chuma mbele ya wenzake, kwa mkono wake, bila kusaidiwa. Kipande kitapimwa kwenye Dirisha. Kisipoingia, au kikiingia kikalegea, meza pamoja na mashine iliyo juu yake vitapewa anayesubiri.

Ugonjwa si udhuru. Msiba si udhuru. (Kifungu cha saba.)

Mwanachama Mbaruku Kilua, ambaye meza yake imelala tangu Ramadhani, asomewe tangazo hili nyumbani kwake.

M. Hiza, Mwenyekiti


2.

Alisomewa.

Aliyemsomea ni Mwantumu, mkewe, amesimama mlangoni na upawa mkononi kwa sababu tangazo lilifika wakati mchuzi uko motoni. Mbaruku alikuwa kitini, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa autunze. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono huo wote, na nusu ya mdomo.

"Rudia."

"Nirudie wapi?"

"Pale pa ugonjwa."

"Ugonjwa si udhuru. Msiba si udhuru."

Akacheka kwa ile nusu iliyobaki. "Kifungu changu hicho. Hiza alitaka kukilegeza, nikamwita mama huruma mbele za watu."

"Basi ndicho hicho kimekufuata nyumbani."

"Toka na upawa wako!"

Akatoka. Akarudi na bakuli, akaliweka upande wa kushoto, pale ambapo mkono mzima ungelifikia bila mwenyewe kuomba. Mbaruku hakushukuru. Lakini alikula.


3.

(Hapa ni pahali pa ugomvi wa alasiri ile, Mwantumu alipomwambia mumewe kwamba ataifungia kompyuta mashine yake, ichonge bila kushikwa. Majirani waliusikia wote. Mwingi hauandikiki. Mwisho wake ulikuwa huu.)

"... na usiiguse!"

"Nitaigusa."

"Usiiguse, nakwambia, wewe mwanamke wa uzi na sindano!"

Nitaigusa.


4.

Wewe ambaye hujawahi kuingia bandani kwetu, sikiliza vizuri, tutasema mara moja tu, tuna kazi.

Mashine ya kuchonga chuma ni hivi. Juu kuna kichongeo kinachozunguka. Chini kuna kitanda kidogo kilichobana kipande chako. Kitanda ndicho kinachotembea: kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kichwa nacho hushuka na kupanda. Kila mwendo una usukani wake wa kuzungusha kwa mkono. Sukani tatu. Usukani huzungusha skrubu ndefu, skrubu husukuma kitanda. Basi. Kuyajua hayo ni dakika, kuyaweza ni nywele kuota mvi.

Mashine ya Mbaruku ni ndogo kuliko zote. Ilikuwa ya mstaafu mmoja wa reli, mtu wa kujifurahisha, aliyekuwa akichonga vichwa vya treni vya kuchezea sebuleni kwake. Alipofariki wanawe wakaileta kwa ushirika. Tuliiita mashine ya wanasesere. Hakuna aliyeitaka. Mbaruku akaichukua, akachonga humo vipuri vidogo ambavyo sisi wenye mashine kubwa vilitushinda.

Hatukumsamehe.

Na sasa mkewe anataka kuzing'oa sukani. Mkewe ni nani? Fundi? Mhandisi?

Mdarizi!


5.

Mdarizi, ndiyo.

Mwantumu alikuwa ameendesha mashine ya kudarizi ya kompyuta tangu ujana wake. Nembo za shule kwenye mifuko ya mashati. Majina ya maharusi kwenye foronya. Alijua jinsi ya kuiambia mashine: nenda hapa, choma, nenda pale, choma. Na katika kudarizi pia sindano haihami. Kitambaa ndicho kinachotembea chini yake.

Alipokuwa akimpelekea Mbaruku chakula cha mchana bandani, alikuwa akisimama nyuma yake kidogo, akikitazama kile kitanda cha chuma kikienda na kurudi. Kila siku alijiambia jambo lile lile. Huku ni kudarizi. Ila kitambaa kigumu.

Hapo ndipo lilipokaa kosa. Hakuliona, na sisi pia tuliacha kulitafuta kwa sababu tulikuwa tukicheka.


6. VITU VILIKOTOKA

mota tatu
    kwenye mashine ya kudarizi iliyoungua kichwa. Mama Farhati, mwenye karakana, alisema: "Chukua, mwanangu. Wala usiniambie za nini, nisije nikaogopa."

kompyuta
    ilikuwa madrasa, imewekwa chini kuzuia mlango usijipigepige na upepo. Maalimu alitaka jambo moja tu, kwamba mlango usikae hivi hivi. Akapelekewa tofali, akaliombea dua.

kadi ya kuziamrisha mota
    bangili. Mbaruku hakuuliza ilikokwenda. Aliutazama mkono mtupu wa mkewe, akageuza uso.

viungo kati ya mota na skrubu
    mpira wa gesi ya jiko, vipande vitatu, na vibano vyake. Tangu siku hiyo nyumba ile inapikia mkaa.

programu
    ya bure, ya mtandaoni.

vishikio vya mota
    vya chuma, vya kuchomelewa. Ni kazi ndogo. Mtu yeyote bandani angeweza


7. BANDANI, MCHANA

"Nichomelee vyuma vitatu tu, kona kona, vya kushikia mota."

"Gesi imeisha, mama."

"Naiona hiyo inawaka."

"Hiyo ya kazi."

—

"Shemeji, huku si kwenye vitambaa. Huku ukikosea hufumui."

—

"Akiiharibu je? Mali ya ushirika hiyo."

"Kanuni inamruhusu mwenye meza airekebishe, ilimradi irudishike ilivyokuwa."

"Mwenye meza. Imesema mke wa mwenye meza?"

—

"Mwanamume akishakaa nyumbani, ndio hivi, mke anavaa suruali."

"Nyamaza, anakusikia."

"Si asikie!"

Alisikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, analifunua turubai. Alijua atakuta nini. Hewa ya Tanga ina chumvi. Chuma kilicholala tangu Ramadhani huwa chekundu kama udongo wa Lushoto. Alikuwa amebeba msasa na mafuta ya taa.

Turubai likaanguka. Mashine inang'aa. Imepakwa mafuta, tena mapya, hadi ndani ya mianya ya skrubu ambako lazima mtu apeleke kidole kimojakimoja.

"Nani ameipaka mafuta?"

Sauti ikatoka mlangoni, kwenye pipa lililogeuzwa kichwa chini. Hapo ndipo anapofanyia kazi Fundi Senkoro, chini ya bati linalovuja, kwa sababu hana meza. Senkoro ndiye anayesubiri.

"Mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Kila Ijumaa. Meza hiyo itakuwa yangu, shemeji. Sitaki kurithi kutu."

Mwantumu hakujua amshukuru au amtukane. Akachukua spana, akafungua usukani wa kwanza.


8.

"Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Ya kukunia nazi. Ya mama. Usijifanye hujui, tangu juzi wali hauna tui."

"Ubao wake mninga. Hawakunichomelea, nimeukata. Nimepata vishikio vitatu, vizuri kuliko vyao."

"Umeikata mbuzi ya mama yangu."

"Nimeikata."

"Mama alikalia mbuzi ile akiwa na mimba yangu!"

"Basi ilikubeba kabla hujazaliwa. Ikubebe na sasa."

Mbaruku akavua kandambili, akamrushia. Kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kurusha kitu. Kandambili ikapaa, ikagonga kabati upande wa pili kabisa wa chumba, ikaanguka ndani ya ndoo ya maji. Wote wawili waliitazama ikielea.

"Ulilenga ndoo?"

"Nilikulenga wewe."

"Haya. Kesho utajaribu tena."


9.

(Mkono wa kulia unasema.)

Hakuna aliyeniuliza mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikizishika zile sukani. Yeye alikuwa akipiga soga, akisikiliza mpira redioni, akibishana na Hiza, kazi ananiachia. Skrubu ile imelika katikati, ninajua mahali. Kuna pengo. Nilikuwa nikilizunguka kila siku bila kumsumbua kichwa. Hakuwahi kujua kwamba ninajua. Na sasa ninalala hapa mapajani, ninatazamwa kama samaki aliyeoza, na lile pengo liko pale pale, na sina pa kulise


10.

Mwantumu alipowasha mara ya kwanza mota zilinguruma, kitanda kikatetemeka, kikaanza kutembea chenyewe. Mafundi wawili waliacha kazi zao. Mmoja alisema astaghafirullah kwa sauti ya chini. Mwantumu alihisi joto kifuani, kama siku alipodarizi jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kichongeo kikashuka. Kikala chuma. Kitanda kikakipitishia pande zote nne za kipande, kisha kichongeo kikapanda, kikasimama.

Dirisha ni bamba nene la chuma lenye tundu la mraba, limening'inia kwenye msumari karibu na saa. Waasisi walilichonga. Kipande kizuri huingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na bamba likigeuzwa hakidondoki. Hakuna kipimo kingine.

Kipande cha Mwantumu hakikuingia.

Kilikuwa kinene upande mmoja, kwa unene wa unywele. Akabadilisha namba kwenye kompyuta. Akachonga kingine. Sasa upande ule ukakaa sawa na wa pili ukaharibika.

Kingine.
Kingine.
    Kingine.

"Fumua, shemeji! Si unajua kufumua?"

Alivifunga vipande kwenye upande wa khanga, akaenda navyo nyumbani, akavimwaga kwenye mkeka mbele ya mumewe. Mbaruku alikiokota kimoja, akakipapasa kwa kidole gumba cha kushoto.

"Kibaya."

"Najua ni kibaya. Kwa nini ni kibaya?"

"Sijui."

"Unajua."

"Sijui, Mwantumu."

"Umekaa na mashine ile maisha yako yote! Unajua, unanificha, unataka nishindwe ili ukae hapo kitini uninung'unikie hadi tuzikwe!"

"Sijui!" Sauti ilimkatika. "Nilikuwa ninazungusha tu. Kipande kinatoka kizuri. Nilidhani ndivyo vipande vinavyotoka!"

Hakumwamini. Kwa siku kadhaa hawakusemezana. Chakula kiliendelea kuwekwa upande wa kushoto.


11.

USHIRIKA WA MAFUNDI VYUMA
Kwa: Mwanachama M. Kilua
YAH: MATUMIZI YA KOMPYUTA SIKU YA KUONYESHA MKONO

Kamati imepokea malalamiko kuhusu matumizi yaliyotajwa hapo juu. Kanuni inasema kipande kichongwe na mwanachama "kwa mkono wake". Kamati imepitia kanuni zote na haikuona mahali palipoelezwa mkono ni nini. Kwa kuwa haikuelezwa, mwanachama hatazuiwa kuonyesha.

Aidha, mwanachama lazima afike mwenyewe na aanzishe kazi mwenyewe. Mtu mwingine akigusa mashine baada ya hapo, meza imekwenda.

Nakala: Fundi Senkoro (anayesubiri).

Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, kwa haraka:

Mwambie Mbaruku kifungu chake nakilaani kila nikiswali. Hiza.


12.

Chai ya asubuhi bandani huletwa na Bi Mwanakombo, ambaye hukaa getini na birika lake. Alikuwa amemmiminia Mwantumu kikombe bila kuombwa na kumwekea kando kipande cha mhogo, akijifanya kimebaki tu. Mwantumu alikinywea karibu na mashine, amewapa wanaume mgongo.

Nyuma yake Senkoro alikuwa anawachekesha wenzake.

"Mnamkumbuka Kilua akifanya kazi? Hebu nione kama nimesahau." Akatoa tumbo mbele, akageuza kofia, akashika usukani wa hewani. "Anakwenda. Anakwenda. Hapo amefika. Sasa mtu mwingine akifika si amefika? Yeye hapana! Anapitiliza, utadhani kapita kwake bila kupaona. Halafu anashtuka, lahaula, anarudi. Taratiiibu. Ndipo amefika! Kila mara! Nikamwambia, Kilua, wewe huwezi kufika mahali mara moja kama watu?"

Walicheka hadi chai ikamwagika.

Mwantumu aliweka kikombe chini.

"Rudia."

"Ah, shemeji, utani tu. Mgonjwa tunamwombea."

"Sijakasirika. Rudia. Anapitiliza akienda wapi? Kulia? Kushoto?"

Senkoro akatazama wenzake, akatabasamu, akarudia. Alikuwa mwigaji mzuri. Alikuwa amemtazama Mbaruku kwa wivu wa miaka mingi, na mwenye wivu haruki kitu. Kulia: anakwenda, anasimama. Kushoto: anakwenda, anapitiliza, anarudi, anasimama.

"Tena. Polepole."

Akarudia. Kicheko kilikuwa kimeanza kupungua.

Mwantumu akageukia mashine. Akakishika kitanda kwa mikono yote miwili, akakisukuma kwa nguvu. Skrubu haikuzunguka. Mota haikusogea. Lakini kitanda kilisogea, kidogo sana, na ndani yake kukasikika kitu.

Tk.

Akakivuta.

Tk.

Mkanda wa mashine ya kudarizi hushika kitambaa mbele na nyuma, ukisema rudi unarudi hapo hapo. Skrubu iliyolika ina nafasi tupu. Ikigeuka, huzunguka kwanza bila kusukuma kitu, hadi ishike upande wa pili; ukipitiliza ukarudi, inashika upande ule ule kila mara. Kompyuta haikujua. Yeye hakujua. Mbaruku, masikini, alikuwa amesema kweli kwenye mkeka: hakujua.

Alipogeuka, Senkoro alikuwa bado ameshika usukani wake wa hewani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejipapasa mfukoni akakuta patupu.

"Shemeji," alisema polepole. "Nimekupa nini?"

Kabla hajakaa mbele ya kompyuta, Mwantumu alimwambia, "Na ule wa mbele na nyuma? Anaufanyaje?"

Senkoro angeweza kukataa. Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Bati lilikuwa linamdondoshea matone mgongoni wakati ule ule.

Akamwonyesha.


13.

nenda kulia
simama
        chonga

nenda kushoto
    pitiliza
    rudi
simama
        chonga

nenda mbele
    pitiliza
    rudi


14.

Jumamosi.

Mbaruku aliingia kwa fimbo, mguu mmoja unafuata wa pili kwa kusitasita. Wengi waliinama kwenye kazi zao kana kwamba wamedondosha kitu.

"Mgonjwa wetu huyo."

"Mgonjwa ni baba yako."

"Ehe, ulimi umepona!"

Alipofika mbele ya meza yake alisimama. Hakuwa ameiona tangu Ramadhani. Mahali pa sukani palikuwa na mota nyeusi, nyaya, mpira wa gesi, na ule mninga, ambao upande mmoja bado ulikuwa na alama laini za miaka ya kukaliwa.

"Umeinyonyoa kama kuku wa Idi," alisema.

"Sukani zako zimo kwenye mfuko. Chini ya meza. Ukitaka kuzirudisha, zirudishe."

"Kwa mkono upi?"

"Huo wa kurusha kandambili."

Mzee Hiza akagonga meza kwa bolti. "Mwanachama Kilua. Anza."

Watu wote walitazama mkono wa kushoto ukiiegemeza fimbo mezani, ukanyanyuka. Haukwenda kwenye kompyuta. Ulikwenda ubavuni, ukaushika ule wa kulia kwenye kifundo, ukauinua juu kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, ukauacha uanguke juu ya kitufe cha kuanzishia.

Mashine ikaanza.

Mwantumu alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, mikono ameifumbata ndani ya khanga wasije wakasema amegusa. Hakuwa akitazama kichongeo. Alikuwa akimtazama mumewe akikitazama kitanda.

Kikaenda kulia. Kikasimama. Kikachonga. Kikaenda kushoto, kikapitiliza, kikarudi, taratibu, kikasimama.

Mbaruku akakunja uso. Kikafanya tena. Mdomo wake, ile nusu nzima, ukafunguka.

"Nani ameifundisha hivyo?" Aliuliza kwa sauti ndogo sana, ya mtu aliyemsikia jirani akiimba wimbo wa nyumbani kwao.

"Wewe," alisema Mwantumu.

"Sikuwahi kufanya hivyo."

"Ulifanya kila siku. Muulize Senkoro."


15.

Desturi ya banda, kwa wewe mgeni: anayepima kipande ni yule yule anayeisubiri meza. Waasisi waliona ndiye hatakuwa na huruma.

Senkoro alikichukua kipande kikiwa bado cha moto. Akakifuta mafuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Akaliteremsha Dirisha kutoka msumarini, akakiweka kipande kwenye tundu, akabonyeza kwa kidole gumba.

Kikaingia.

Akaligeuza bamba. Akangoja. Akalitikisa. Akalitikisa tena, kwa nguvu, kwa hasira ya mtu ambaye amekaa kwenye pipa miaka mingi na bati linamvujia. Kipande hakikudondoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alisema, "Kompyuta hiyo." Mwingine akasema, "Kompyuta imeingia mlangoni na fimbo?" Mzee Hiza akagonga bolti.

"Mpimaji. Swali."

Kwa maana kuna swali. Kipande kikishaingia, mpimaji humwuliza mwenye meza: nani kachonga? Naye hujibu: mimi. Neno hilo likitoka, mjadala umefungwa, hakuna wa kulipinga, meza ni yake hadi mwaka mwingine. Katika historia ya banda hakuna aliyewahi kulifikiria neno hilo kabla ya kulisema.

"Mbaruku Kilua," alisema Senkoro. "Nani kachonga?"

Mbaruku alikitazama kipande. Akautazama mkono wake, uliokuwa bado umelala juu ya kitufe. Neno lilikuwa moja, fupi, hata nusu ya mdomo inaliweza.

Mwantumu alikuwa analisema moyoni kwa ajili yake. Sema. Sema, mtu mbishi wewe, sema twende zetu.

Mbaruku akanyanyua fimbo, akamwelekezea mkewe.

"Muulize huyo."

Banda likafoka lote kwa pamoja.

"Hatuulizi asiye mwanachama!"

"Meza imekwenda! Amekiri mwenyewe!"

"Hajakiri kitu, amesema muulize!"

"Mbaruku, una wazimu?" Huyu alikuwa Mwenyekiti, amesimama, amesahau bolti. "Neno moja tu! Nakuomba useme neno moja!"

"Kifungu cha saba sikukitunga ili niseme uongo," alisema Mbaruku. "Muulizeni."

Senkoro alikuwa amelishika Dirisha kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mpimaji ni nani?" aliuliza hatimaye.

"Wewe," alisema Hiza.

"Basi nitauliza ninayemtaka."

Akaliweka bamba mezani. Akavua kofia, ile kofia yenye mafuta ambayo watu hawakuwahi kumwona bila hiyo, na kumbe upara wake ulikuwa mdogo na wa kutia huruma. Akapiga hatua moja mbele.

"Fundi Mwantumu."

Hapana aliyecheka.

Mwantumu aliutafuta mzaha usoni mwake, asiuone. Fundi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hata kwenye kudarizi walikuwa wakimwita dada wa mashine. Likamwingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Kisha, nyuma yake, likaja wazo la pili. Anayeitika jina la fundi amekubali kuwa amechonga. Na akiwa amechonga yeye, hakuchonga Mbaruku, na kabla ya adhuhuri pipa la mlangoni litakuwa tupu na meza itakuwa na Senkoro. Heshima, au mtego? Alimtazama yule mtu mwenye upara, aliyekuwa akiipaka mashine mafuta kila Ijumaa, na akaona kwamba huenda hata mwenyewe hajui.

"Fundi Mwantumu. Nani kachonga?"

Mbaruku alikuwa anamtazama. Tangu atoke hospitali alikuwa akitazama sakafu, ukuta, bakuli. Sasa alimtazama yeye.

"Jibu," alisema. "Na usidanganye kwa kunionea huruma."

"Nani amekwambia ninakuonea huruma?"

"Si ujibu basi, mwanamke!"

"Usinipigie kelele mbele za watu!"

"Jamani," alisema Mzee Hiza. "Jamani."

Mwantumu akaitoa mikono ndani ya khanga. Ilikuwa na mafuta hadi kwenye kucha, na mkono mmoja haukuwa na bangili. Akaivuta khanga vizuri begani, akainua uso, akajibu kwa sauti kubwa kiasi kwamba Bi Mwanakombo, kule getini, alisikia kila kitu, akaliweka birika chini.